UVIMBE ULIOKATWA USITUPWE

KIPO kitendo kidogo kinachofanyika katika chumba cha upasuaji kwa muda usiozidi dakika moja, lakini madhara yake yaweza kumfuata mgonjwa kwa miaka mingi. Daktari au tabibu amekwisha kuukata uvimbe uliokuwa kifuani mwa mtu, ameshona ngozi na kuvua glavu. Na ule uvimbe, badala ya kutiwa katika chupa yenye fomalini na kuandikiwa jina, unatupwa katika ndoo ya taka pamoja na pamba zenye damu. Mgonjwa anaambiwa kwamba lilikuwa jipu tu, au kwamba yalikuwa mafuta, naye anarudi nyumbani akishukuru. Hakuna aliyesema uwongo kwa kusudi. Lakini pia hakuna aliyejua.

Mara nyingi maneno hayo huwa ni ya kweli. Uvimbe mwingi unaoota chini ya ngozi ni mafuta yasiyodhuru, au jipu, au kovu lililotutumka. Saratani za tishu laini, yaani zile zinazoanzia katika misuli, mafuta, neva, mishipa ya damu na nyuzi zinazoushika mwili pamoja, na ambazo kwa jina lao la jumla huitwa sarkoma, ni haba sana. Kwa watu wazima ni kama moja tu katika kila saratani mia. Tena hiyo moja imegawanyika katika aina zaidi ya hamsini, kila aina na tabia yake. Katika Afrika Mashariki sarkoma iliyo mashuhuri ni ile ya Kaposi, ambayo madaktari na wauguzi wengi waliizoea katika miaka ya UKIMWI. Hizi nyingine daktari wa wilaya aweza kufanya kazi miaka kumi asikutane nazo zaidi ya mara moja au mbili. Uhaba huo ndio unaozifanya ziwe za hatari, kwani jicho halitambui lisilolizoea.

Iko moja ambayo yafaa itajwe, ingawa jina lake ni refu: dematofibrosarkoma. Ni saratani ya ngozi na tishu zilizo chini yake, iliyoelezwa na waganga wa Kifaransa Darier na Ferrand mwaka 1924. Karibu nusu ya wanaoipata huota uvimbe huo kiwiliwilini, kifua kikiwemo. Huwapata zaidi watu walio katika umri wa kazi, kati ya miaka 20 na 50, na hesabu zilizokusanywa Marekani zaonyesha kwamba watu weusi huipata karibu mara mbili kuliko weupe. Huanza kama baka gumu la ngozi, lisilouma wala kuwasha, likakua polepole kiasi kwamba mwenyewe hulizoea kama alivyozoea pua yake. Sasa, kifua cha mtu mweusi, hasa pale penye mfupa wa kidari, ni mahali ambapo keloidi hupenda kuota. Kwa hiyo mtu anapokwenda zahanati akiwa na uvimbe mgumu kifuani, fikira ya kwanza ya kila anayemwona, na ya jirani zake pia, ni keloidi. Kwa kawaida keloidi hutanguliwa na jeraha, chunusi au mahali pa kuungua, ilhali dematofibrosarkoma aghalabu haina kisa cha kueleweka. Tofauti hiyo ni ndogo, na swali la kuitafuta halichukui dakika mbili, lakini mara ngapi huulizwa?

Na achukuliwe, kwa mfano, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka thelathini na mitano. Kisa chake si cha mtu mmoja. Kimeungwa kutokana na njia ambayo ugonjwa huu hujulikana kuipita. Mwaka wa kwanza aliona kibaka kigumu juu ya titi la kulia, ukubwa wa kifungo cha koti. Katika duka la dawa akapewa mafuta ya kupaka. Mwaka wa tatu kilikuwa kimetutumka, na katika kituo cha afya akachomwa sindano za kuyeyusha keloidi, zisisaidie kitu. Mwaka wa tano kilikatwa kwa ganzi ya sindano kwa muda wa nusu saa, kikatupwa. Miezi kumi na minane baadaye vijivimbe vikaanza kuota kandokando ya kovu. Alikuwa amekwisha hamishiwa wilaya nyingine, kwa hiyo akakatwa tena na daktari mwingine ambaye hakuwa na hata karatasi moja ya yule wa kwanza. Na kwa mara nyingine kilichokatwa hakikupelekwa popote. Uvimbe uliporudi mara ya pili ulikuwa umeshikamana na misuli ya kifua na kugusa mbavu. Ndipo kwa mara ya kwanza kikachukuliwa kinyama na kutazamwa kwa hadubini. Miaka minane ilikwisha pita, na jibu ambalo lingepatikana mwaka wa kwanza kwa kipande kisichozidi punje ya harage lilipatikana wakati ambapo hapana budi kukata mbavu.

Kwa nini hurudi? Mkulima aliyewahi kupalilia ukoka anajua sababu. Kwa juu uvimbe huu huonekana una mpaka, bali chini ya ngozi hutandaza nyuzi nyembamba zinazokwenda mbali kuliko macho yanavyoona. Anayekata kwa kufuata ukingo unaoonekana huiacha mizizi ardhini. Taarifa za waganga wa nchi mbalimbali zaonyesha kwamba wagonjwa waliokatwa namna hiyo, zaidi ya robo yao, na katika baadhi ya taarifa nusu yao, walirudiwa. Ndiyo maana upasuaji ulio sahihi huchukua pamoja na uvimbe ngozi nzima inayouzunguka, kwa kawaida sentimita mbili hadi tatu kila upande, na kushuka hadi kwenye utando unaofunika misuli. Katika nchi zenye uwezo huo, kingo zote hupimwa kwa hadubini kabla jeraha halijafungwa, na ugonjwa hurudi kwa wachache sana.

Jambo linalotia uchungu ni kwamba saratani hii si muuaji wa kawaida. Chini ya wagonjwa watano katika mia ndio ambao ugonjwa wao huhamia mapafu au viungo vingine. Ikijulikana mapema na kukatwa kama inavyotakiwa mara ya kwanza, wengi hupona kabisa. Lakini kila inaporudi huingia ndani zaidi. Na kwa wagonjwa wengine sehemu ya uvimbe hugeuka ikawa sarkoma kali, yenye kukua haraka na kupenda kusafiri. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa kuliko zote, na ndio ambao mara nyingi hufanywa na mtu asiyejua anachokikata.

Kifua kina matata yake mengine, na moja limo ndani ya lugha yenyewe. Mtu akisema "anaumwa kifua," wasikiaji wote hufikiri kikohozi au kifua kikuu. Na kweli kifua kikuu kingalipo, tena huweza kutunga jipu baridi katika ukuta wa kifua, likaonekana kama uvimbe wowote mwingine. Ipo sababu basi ya kukishuku. Lakini kumwanzishia mtu dawa za miezi sita kwa sababu tu ana kivuli katika eksirei, bila makohozi yaliyopimwa wala kinyama kilichotazamwa, ni kumpa sarkoma miezi sita ya kukua bila bughudha.

Zipo sarkoma za aina nyingine ambazo huota katika utando unaofunika mapafu. Uvimbe mmoja wa nyuzi wa utando huo waweza kukua hadi ukajaza nusu ya kifua kabla mgonjwa hajalalamika zaidi ya kuhema. Mara chache hutoa kitu kinachofanana na homoni ya kushusha sukari, na mgonjwa akaletwa hospitali amezirai, watu wakidhani ana kisukari au kifafa. Uvimbe huo ukiisha kukatwa waweza kukaa kimya miaka zaidi ya kumi ndipo urudi, wakati ambapo mgonjwa, daktari na mtunza faili wote wamesahau. Mwaka 2013 wataalamu waligundua kasoro ya jeni inayoutambulisha, na tangu hapo maabara yenye vifaa vyake yaweza kuutenganisha na jamaa zake kwa uhakika.

Nyingine huwapata wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya titi kwa mionzi. Miaka mitano, kumi au zaidi baadaye, juu ya ngozi iliyopigwa mionzi huonekana mabaka ya zambarau kama ya mtu aliyejigonga. Ni wachache mno wanaopatwa, wala hilo lisimfanye mwanamke yeyote akatae mionzi ambayo imeokoa maisha ya maelfu. Lakini mama aliyeambiwa kwamba amepona titi, akaona alama hizo, asingoje zififie. Sarkoma hiyo ya mishipa ya damu ni kali, na kila mwezi una thamani yake.

Utambuzi wa magonjwa haya hauna miujiza. Una utaratibu, na utaratibu huo ukipinduliwa mgonjwa ndiye anayelipa. Picha hutangulia: eksirei, kisha skani inayoonyesha uvimbe umefika wapi na kama mapafu ni safi. Baada ya picha huchukuliwa kinyama kwa sindano nene, na sindano hiyo huchomwa mahali ambapo daktari atakayefanya upasuaji mkubwa ataweza kupakata pamoja na uvimbe. Kisha husubiriwa jibu. Kisu huja mwisho. Kwa uvimbe uliorudi, utaratibu huu ni wa lazima zaidi, maana ndani ya kovu hata mkono uliozoea hupotea.

Huko Sweden, kwa miaka mingi madaktari wamefundishwa kanuni iliyo nyepesi: uvimbe wowote uliozidi sentimita tano, yaani kadiri ya yai la kuku, au uvimbe wowote uliozama chini ya utando wa misuli, haukatwi wala hauchomwi sindano kabla mgonjwa hajapelekwa kwenye kituo cha wataalamu wa uvimbe. Mwaka 1994 madaktari wa mji wa Lund walitangaza kwamba wagonjwa wa sarkoma ambao hawakupelekwa kituoni walirudiwa na ugonjwa zaidi ya mara mbili kuliko waliopelekwa kabla ya kuguswa. Sweden ni nchi tajiri, hilo halina ubishi. Lakini kanuni yenyewe haina bei. Yahitaji rula, na tabibu aliye tayari kusema kwamba jambo hili limemzidi. Kusema hivyo si fedheha.

Tanzania haianzii sifuri. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 katika hospitali ambayo majengo yake ya kwanza yalijengwa zama za Wajerumani, na mwaka 2018 ilianza kutumia mitambo ya kisasa ya mionzi. Bugando mjini Mwanza nayo hutoa tiba ya saratani. Maabara za patholojia zipo Muhimbili, KCMC, Bugando na Mbeya. Wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache kuliko mahitaji, na wale wenye mazoea ya kutambua sarkoma ni wachache zaidi. Hata hivyo mtaalamu aliyeko Dar es Salaam hawezi kusoma kilichotupwa Kasulu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilometa zipatazo 1,250. Mgonjwa maskini hawezi kuzisafiri kila mwezi, lakini kinyama chake chaweza. Kikitiwa katika fomalini iliyochanganywa kwa asilimia kumi, ya kiasi cha mara kumi ya ukubwa wake, husafiri kwa basi bila kuharibika. Kikitiwa katika maji ya chumvi, kama wengine wafanyavyo kwa kukosa fomalini, huoza njiani na jibu hurudi kuwa hakisomeki. Uvimbe mkubwa hauna budi kupasuliwa vipande ili dawa ipenye hadi katikati. Na karatasi inayoambatana nao iandikwe umri wa mgonjwa, mahali ulipotoka uvimbe, ukubwa wake, muda uliokaa na mara ngapi umekwisha kukatwa. Si jina na neno "uvimbe" peke yake.

Jambo jingine halijulikani sana hata kwa watumishi wa afya. Kinyama kikiisha kutengenezwa maabara hufunikwa ndani ya nta, na kipande hicho chaweza kuhifadhiwa miaka mingi na kupimwa tena. Uvimbe unaporudi, kazi ya kwanza yapasa iwe kukitafuta kipande cha zamani na kukilinganisha na kipya. Huonekana mara kwa mara kwamba jina la kwanza lilikosewa. Lakini ili kipande kipatikane lazima daftari la maabara liwe limeandikwa kwa mkono unaosomeka, rafu ziwe zimepangwa kwa namba, na mgonjwa awe amepewa nakala ya jibu lake. Hii si kazi ya daktari bingwa. Ni kazi ya karani, na karani anayeidharau aweza kumwua mtu asiyemjua.

Tiba yenyewe imepiga hatua. Pale ambapo mbavu au sehemu ya mfupa wa kidari zimeliwa, madaktari wa upasuaji hukata na kuziba pengo kwa wavu maalumu, kisha hufunika kwa msuli mpana wa mgongoni unaogeuzwa na kuletwa mbele. Ufundi huo wa kutumia msuli wa mgongo ulielezwa na Mwitaliano Tansini tangu mwaka 1906. Mionzi huongezwa uvimbe ukiwa mkubwa au mkali, au pale kingo zisipokuwa safi na haiwezekani kukata tena; wala si kazi rahisi kuielekeza kifuani, maana moyo na mapafu viko jirani. Kwa dematofibrosarkoma isiyokatika, au iliyokwisha kusafiri, kipo kidonge kiitwacho imatinibu, kilichotengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya damu na kukubaliwa Marekani mwaka 2006 kwa ugonjwa huu pia. Hufunga mlango wa ishara ile inayoamrisha seli zikue bila kukoma, na kwa baadhi ya wagonjwa huupunguza uvimbe mpaka ukaweza kukatwa. Tangu mwaka 2015 imatinibu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya saratani nyingine. Kwa sarkoma kali doksorubisini ndiyo nguzo tangu miaka ya 1970. Hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayoweza kuchaguliwa kwa haki bila jina sahihi la ugonjwa. Kutoa dawa kali kwa uvimbe usio na jina ni kupiga risasi gizani.

Baada ya tiba, kazi haijaisha. Kwa sarkoma kali, mgonjwa hutakiwa kuonekana kila baada ya miezi mitatu au minne kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kovu likapapaswa na mapafu yakapigwa picha, kisha mara mbili kwa mwaka hadi mwaka wa tano, na baadaye mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo suala linapotoka hospitali na kuingia ofisini. Mwalimu anayeomba ruhusa mara nne kwa mwaka, huku anaonekana mzima, huanza kunong'onwa kuwa mtoro. Mkuu wa shule huulizwa vipindi vyake vinafundishwa na nani. Ofisa wa utumishi hudai barua mpya kila mara, barua ambayo yeye mwenyewe huikalia wiki mbili, na nauli ya matibabu hutoka baada ya tarehe ya kliniki kupita. Mgonjwa huruka mara moja, kisha mara mbili, na anaporudi uvimbe umemtangulia. Urasimu wa namna hiyo hautajwi katika vitabu vya tiba kuwa ni sababu ya saratani kurudi, ingawa mahali pake palistahili kuwepo. Kalenda ya kliniki ya mtumishi kama huyo yapasa iwekwe katika faili lake mara moja kwa mwaka mzima, na ruhusa itolewe kwa kalenda hiyo.

Upande wa gharama, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ulianza na watumishi wa umma, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wanaopanga orodha za huduma zinazolipiwa watazame kipimo cha kinyama kwa jicho la hesabu. Chupa, fomalini, usafiri na ada ya kusoma ni gharama ya mara moja. Mwalimu wa mfano uliotajwa hapo juu aligharimu upasuaji mara mbili, sindano za keloidi, miezi mingi nje ya darasa, na mwishowe upasuaji mkubwa katika hospitali ya rufaa. Waganga Wakuu wa Wilaya nao, wanapoagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, wasiiache fomalini nje ya orodha kwa kudhani kwamba ni kitu cha chumba cha maiti. Na katika kila chumba cha upasuaji, daftari la upasuaji liongezwe safu moja: kilichokatwa kimepelekwa wapi, na jibu lake limerudi lini. Msimamizi anayekagua daftari hilo kila mwisho wa mwezi ataona mara moja ni safu ngapi zilizo tupu.

Wako wale ambao uvimbe wao ulikwisha kutupwa zamani, na ambao leo wanasoma habari hii wakiwa na kovu kifuani na hawana karatasi yoyote. Wengi wao hawana ugonjwa wowote, wala hawana sababu ya kukosa usingizi. Lakini wapapase kovu lao kila mwezi kwa ncha za vidole, ngozi ikiwa imelowa sabuni. Wakigusa kitu kigumu kisichokuwepo, au kovu likianza kuota kando, waende hospitali ya wilaya, waseme ni lini na wapi walikatwa, na waombe kwa adabu kwamba safari hii kinyama kichukuliwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kushika kisu.